Chatu Katika Droo ya Likizo

Siku ya kwanza jirani yangu kuniletea kazi alitaka mfuko wa amerikani, mrefu kuliko gunia, wenye mishono mitatu chini na kamba mdomoni. Nilimuuliza ni wa kuwekea nini, maana mshonaji lazima ajue. Akanijibu, "Mali." Nikashona. Baada ya wiki mbili akaurudisha kwa sababu mshono mmoja umeachia pembeni, akauweka juu ya meza ya cherehani yangu, na mali ikajigeuza. Sikumbuki nilivyotoka pale. Nakumbuka tu nilikuwa ng'ambo ya barabara, kiatu kimoja mguuni, na yeye amesimama barazani kwangu ananitazama kwa masikitiko.

"Mayu," akasema, yaani mama, kwa Kisukuma chetu, ingawa alinizidi miaka isiyopungua ishirini, "amelala huyo. Ulikuwa unampitia tu pembeni, nyuzi tano, basi."

Ndivyo nilivyojua kwamba jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtu niliyekuwa nikimsalimia kila asubuhi mwangaluka, akaitikia kwa urefu mpaka uji wangu unapoa, alikuwa anafuga nyoka. Mtaa mzima walijua. Mimi nilikuwa mgeni wa mwaka mmoja pale Bariadi, nimepanga chumba na baraza, na aliyenipangisha alikuwa amenitajia choo, kisima na mbwa wa jirani. Nyoka hakuwataja.

Tulimwita Fundi, kwa sababu alikuwa fundi wa mitambo kwenye jinari, kule pamba inakochambuliwa, enzi za ushirika. Soko huria lilipokuja, wanunuzi wa pamba wakawa wengi kuliko pamba yenyewe, kila mmoja na mizani yake na kibanda chake, na jinari ya ushirika ikaanza kufanya kazi siku mbili kwa wiki, kisha siku moja, kisha wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani wataitwa. Fundi alikuwa hajaitwa. Lakini kila asubuhi alivaa ovaroli lake la bluu, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, na kwenda uani kwake kazini. Kazi yenyewe ilikuwa nyoka.

Nisieleweke vibaya. Hakuwa mganga, na ukimwita mganga alikasirika siku nzima. Alikuwa mmoja wa Bayeye, wale wacheza ngoma na nyoka ambao kwetu ni chama cha siku nyingi, kina dawa zake, nyimbo zake na miiko yake. Lakini kichwa chake kilikuwa cha jinari. Alisema juu ya nyoka namna watu wanavyosema juu ya mashine, na juu ya mashine namna watu wanavyosema juu ya wagonjwa. Cherehani yangu ilipokwama aliiwekea sikio, akatulia, akaniambia, "Ana huzuni huyu, umemlisha uzi mbovu." Na nyoka asiyekula, kwake alikuwa "amepoteza stimu," na aliyejivua gamba "katoka gereji."

Nyumba yake ilikuwa na chatu mmoja mkubwa wa kike, chatu wadogo wawili na kifutu mmoja mfupi mnene mwenye sura ya mtu anayekudai. Yule chatu mkubwa alimwita Bosi. Alikuwa amemlea tangu akiwa mwembamba kama mpini wa jembe, na kila msimu wa ngoma alimvaa shingoni akacheza naye. Nimewahi kumsikia kupitia ukuta akimwomba radhi kwa kuchelewa kurudi. Mkewe, mama mmoja mzito wa maneno machache, alikuwa hajapata kuombwa radhi ya namna ile, na alilisema hilo mbele yangu bila uchungu. "Mimi niliolewa na mtu mmoja," aliniambia, "hao wengine nimewakuta na wengine wamenikuta. Sharti langu moja tu, wasivuke mlango wa chumbani."

Mtu huyo huyo alikuwa anaogopa sindano. Simsingizii, nilikuwepo. Tulikwenda wote zahanati, yeye homa, mimi jino, na nesi alipotoa sindano kwenye maji ya moto Fundi akaanza kumweleza habari za vidonge. Alieleza vizuri sana, kwa heshima, huku anarudi nyuma, mpaka mgongo ukagusa ukuta, kisha akateremka na ukuta wake polepole akakaa sakafuni amezimia. Mtu aliyeumwa na kifutu mara mbili. Alipozinduka nikamcheka, akanitazama bila aibu hata kidogo. "Nyoka anakuuma ukimkosea," akasema. "Nesi anakuuma umekaa kwa adabu."

Jumapili alikuwa Mkatoliki wa benchi la mbele. Padri wetu wa wakati ule alikuwa na mahubiri yake ya nyoka wa bustani ya Edeni, na alipoyafikia macho yake yalitua kwenye lile benchi na kukaa hapo. Fundi alisikiliza hadi mwisho, akaimba, akatoa sadaka. Nje ya kanisa akaniambia kwamba tatizo la Edeni anaona ni la kiutawala, nyoka mzima ameachwa bustanini hana mtu wa kumwangalia.

Sasa, ili mtu aelewe habari ya kabati la nyoka, lazima aelewe aibu ya mwaka uliotangulia.

Kwetu mashindano ya ngoma hayana jaji. Vikundi viwili vinapiga pande mbili za uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kimoja na ngoma zake na vituko vyake, na watu wanakwenda wanakopenda. Jua likishaelekea kushuka, upande wenye watu wengi ndio umeshinda, na hakuna wa kubishana naye. Mashindano hayo hufanyika pamba ikishavunwa, mwezi wa saba, na hapo ndipo penye tabu. Mwezi wa saba upepo wetu una makali. Asubuhi watu wanaota moto na ng'ombe wanatoa moshi puani. Na nyoka, kama Fundi alivyopenda kusema, ni boila lisilo na moto wake, anategemea wa kuazima.

Mwaka ule wa aibu kikundi cha Fundi kilishindana na kikundi cha Shishiyu. Ngoma ikakolea, watu wakajaa upande wetu, Fundi akaingia na Bosi shingoni, akamweka chini katikati ili ainue kichwa kama kawaida yake. Bosi hakuinua kitu. Alilala vile alivyowekwa, amenyooka. Fundi akamzunguka akiimba. Akamgusa mkia. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama ni kamba, na watu wakaanza kuondoka kwenda ng'ambo, kwanza wawili wawili, halafu kwa makundi, hadi Fundi akabaki na wapiga ngoma wake, mkewe, na mimi ambaye nilikuwa nimesimama mbali vya kutosha kuhesabiwa kokote.

Kikundi kikakaa kikao. Chatu kwa Bayeye si mali ya mtu, ni wa kikundi, mmoja anapewa kumtunza. Wakasema mzee amechoka na chatu wake amechoka kwa kukaa kwake. Kulikuwa na kijana wa Mwamanyili, mcheza mzuri mwenye miwani ya jua na maneno mengi, akasema yeye angemtunza vizuri zaidi. Wakampa Fundi msimu mmoja. Mwezi wa saba unaofuata Bosi asipoinua kichwa, anakwenda Mwamanyili.

Aliniambia habari hiyo amesimama barazani kwangu, ovaroli limefungwa mpaka shingoni. Hakusema kwamba ameumia. Alisema, "Mayu, jinari wamenirudisha nyumbani, sawa. Sasa na nyumbani wanirudishe wapi?" Akaenda zake. Mimi naogopa nyoka kuliko kitu chochote Mungu alichokiumba, lakini siku hiyo nilikosa hata hamu ya kula.

Wazo la kabati lilitoka kwa mtu asiyemtakia mema. Miaka ile barabara ya Lamadi ilikuwa inatuletea kila aina ya mnunuzi. Walikuja wa ngozi, wa dengu, wa minofu ya sangara, na siku moja akaja mmoja na pikapu, ananunua nyoka hai wa kupeleka nje. Alimwona Bosi akamtamani. Ili kumlainisha Fundi akamwonyesha ukurasa wa gazeti la rangi la huko Ulaya, una picha ya rafu ndefu yenye droo nyingi, na katika kila droo nyoka, na chini ya kila droo waya wa kuleta joto. Akamweleza kwamba kule watu wanafuga nyoka kama paka, ndani ya nyumba, na nyoka halali baridi hata siku moja.

Fundi alitazama ule ukurasa muda mrefu. Mnunuzi akadhani bei inapigiwa hesabu. Fundi akamuuliza maswali matatu, yote ya droo. Kisha akamwambia Bosi hauzwi, akamkaribisha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na chai, na mtu yule alipoondoka ukurasa ulibaki. Mkewe anasema alipewa. Mimi nilisikia pikapu ikirudi mara mbili kuuliza.

Mtaa wetu ulikuwa hauna umeme, kwa hiyo waya ulikuwa nje ya mjadala. Alianza na koroboi. Aliwasha nne chini ya sanduku la mbao, akafunga mlango, na baada ya saa moja akatoa nyoka weusi tii, wote, hata kifutu alikuwa hajulikani usoni. Aliwaogesha mmoja mmoja kwenye karai. Akajaribu mawe ya moto yaliyofungwa kwenye gunia, na yakafanya kazi vizuri, ila siku hiyo ugali ulichelewa mpaka saa tisa kwa sababu mkewe alikuwa anatafuta mafiga. Aliyakuta chini ya nyoka. Alipika kwangu kwa siku tatu, na Fundi alikula michembe.

Ndipo ushirika ukaanza kuuza samani za ofisi zake. Watu wakanunua meza na viti. Fundi akarudi na mkokoteni uliobeba kabati la faili la chuma la droo nne, rangi ya kijivu, kila droo na kikaratasi chake kilichopigwa taipu: LIKIZO, NIDHAMU, WASTAAFU, MENGINEYO. Hakuvibandua. Alisema mwenye kabati ndiye anayejua mpangilio. Kifutu akaingia Nidhamu, na hakuna aliyepinga. Chatu wadogo wakapewa Wastaafu, maana walikuwa hawafanyi lolote. Bosi akakunjwa katika Likizo, iliyokuwa juu kabisa na pana.

Moto wenyewe ukakaa Mengineyo, chini, na hapo ndipo nilipomvulia kofia. Mtu wa jinari anajua kitu ambacho sisi wengine hatukijui, kwamba mbegu za pamba zikirundikwa zikiwa na unyevu zinachemka zenyewe. Alikuwa ameona marundo yakitoa mvuke asubuhi, na miaka ishirini kazi yake mojawapo ilikuwa kuyapindua yasije yakaungua. Sasa akalileta lile tatizo nyumbani kulifanya dawa. Akajaza droo ya chini mbegu, akazinyunyizia maji, akatoboa matundu kwenye sakafu za droo za juu, akalizungushia kabati zima gunia na udongo wa kichuguu. Siku ya pili chuma kikawa na joto kama ubavu wa ng'ombe.

Kipima joto kilikuwa samli. Aliweka donge moja katika kifuniko cha chupa ndani ya kila droo. Samli ikiwa ngumu, nyoka ana baridi, ongeza maji kwenye mbegu. Ikiwa imeyeyuka yote, fungua droo kidogo. Ikiwa laini ya kupaka, acha. Alikuwa anapita asubuhi, mchana na jioni anachungulia samli na kuandika kwenye daftari, na droo iliyopoa aliishusha karibu na moto. Hiyo aliita kupandishwa cheo. Nilimwambia kwamba anashusha, akasema jinari nayo ilikuwa hivyo hivyo, mwenye cheo ndiye anayekaa karibu na mtambo. Bosi akaanza kula sungura. Akang'aa. Hata mimi nikaona, kwa mbali.

Kijana wa Mwamanyili alikuja kukagua, kavaa miwani yake. Fundi akavuta Likizo, Bosi akatoa kichwa na kumtazama usoni. Kijana akavua miwani. "Mzee," akasema, "hapa umetuweza." Lakini akaongeza kwamba uani si uwanjani, na akaondoka.

Nimewahi kuwaza sana kosa lilikuwa wapi. Hesabu zake zote zilikuwa sawa. Mtu huyu amezaliwa kati ya ng'ombe, ameoa kwa ng'ombe, anajua jina la kila rangi ya ng'ombe kuanzia hapa hadi Maswa. Na akajenga mtambo wake kwa kitu ambacho ng'ombe wa Usukuma anakipenda kuliko maisha yake mwenyewe. Mbegu za pamba, tena zimelowa, tena zina uvuguvugu. Hakuna aliyemkumbusha, kwa sababu sote tulikuwa tunatazama nyoka.

Mashindano yalikuwa Jumamosi. Ijumaa ilikuwa siku ya mnada, na ng'ombe wa mnada hupitishwa mtaani kwetu. Fundi alikuwa kanisani anafanya novena, sala ya siku tisa, kwa ajili ya Bosi, ingawa kwa padri aliiandikisha kama nia binafsi. Mkewe alikuwa kisimani. Mimi nilikuwa barazani nashona sketi za kikundi, kaniki na utepe mwekundu, pasi ya mkaa imewaka pembeni ya mguu wangu kwenye bati. Kundi likapita, na dume moja jekundu lenye nundu likasimama. Likainua pua. Mchungaji akalichapa, halikusikia. Likaenda moja kwa moja kwenye ua wa minyaa wa Fundi, likapita katikati kama hakuna ua, na nyuma yake wakafuata wengine kumi na moja.

Nilisikia chuma kinaburuzwa, kisha kishindo kimoja kikubwa, kisha ng'ombe wanatafuna. Kisha wachungaji wawili wakatoka mle uani wakikimbia bila fimbo zao, na mmoja akanipita akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetoa taarifa, "Mama, ofisi imeanguka, ina nyoka."

Ningekimbia. Nilikuwa tayari nimeinua kisigino. Ila nikahisi kitu kizito kinapita juu ya mguu wangu mwingine, taratibu, hakiishi. Nikatazama chini. Bosi alikuwa ametoka Likizo, akapenya tundu la ukuta, na kwa kuwa asubuhi ile ilikuwa ya upepo alikwenda palipo na joto. Alizungusha mwili wake kati ya miguu yangu na bati la pasi, juu ya rundo la sketi, mara moja, mara mbili, akaweka kidevu kwenye kanyagio la cherehani, akatulia.

Nilikaa. Watu waliniuliza baadaye nilikuwa nawaza nini, na wanataka niseme nilisali. Nilikuwa nawaza kwamba nikiacha kupepea pasi mkaa utazima, na huyu akisikia baridi atatafuta joto lingine, na lililobaki karibu ni mimi. Kwa hiyo nikapepea. Kwa upepeo wa ukili, mkono wa kushoto, bila kugeuza shingo, mpaka Fundi akarudi kutoka kanisani. Aliona ua, akaona ng'ombe, akaona kabati limelala kifudifudi na Mengineyo imelambwa inang'aa. Alimpata kifutu ndani ya kinu cha kutwangia akamfunika na sufuria. Wadogo wawili walikuwa hawajatoka, wako Wastaafu vile vile. Kisha akaja kwangu, akachuchumaa mbele ya meza, akapeleka mkono ubavuni mwa Bosi.

Nilitegemea pole. "Mayu," akasema, "umempa joto gani? Ni lile lile la samli." Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa hajui kama yanamtoka.

Kabati lingesimamishwa, lakini mbegu hazikuwepo tena. Zamani mtu wa jinari alichota bure, sasa zilikuwa za wakamua mafuta, zimekwisha kupakiwa kwenye malori, na hakuna wa kukuuzia debe moja. Na hata zingepatikana, zinataka siku mbili kuchemka. Akakaa kwenye ngazi yangu. Akasema basi, Bosi ni wa Mwamanyili, Mungu ameonyesha. Mkewe, aliyekuwa amerudi na ndoo yake kichwani na kusikiliza yote bila kuitua, ndiye aliyesema, "Mwenye moto si huyo hapo na pasi yake?"

Kesho yake nilikwenda uwanjani kwa mashindano ya Bayeye nikiwa nimebeba pasi ya mkaa, meza ndogo na mablanketi manne. Nilikaa nyuma ya wapiga ngoma, nikapiga pasi. Blanketi likishapata moto Fundi anapima kwa kiwiko, anamvika Bosi, mimi napiga lingine. Watu wakaanza kusogea waone ni mavazi gani ya heshima yanayonyooshwa muda wote ule. Wa Shishiyu walikuwa wazuri mwaka ule, siwanyimi, na walikuwa na watu. Mimi nilikuwa naangalia pasi tu, najua nikiichelewesha mzee wa watu anarudi nyumbani na mfuko mtupu.

Ngoma ikabadilika. Fundi akamvua Bosi blanketi la nne, akamwinua kwa mikono miwili, akaingia naye katikati, akamlaza mavumbini. Kisha Bosi akainua kichwa, kikapanda, kikageuka kulia na kushoto, na ule upande wa Shishiyu ukaanza kupungua. Vumbi la watu wanaohama lilikuwa kubwa mpaka likafunika mkaa wangu. Kijana wa Mwamanyili alipiga ngoma hadi mkono ukachubuka. Hakuna aliyetaja tena habari ya kumhamisha chatu.

Fundi alikaa naye miaka mingine mingi. Kilichomwondolea Bosi hakikuwa baridi wala ng'ombe, kilikuwa mgongo wake mwenyewe. Chatu anaongezeka kila mwaka na mtu anapungua. Siku moja akashindwa kumtoa kwenye droo, akajaribu tena, akashindwa. Akamtuma mkewe Mwamanyili. Yule kijana, aliyekuwa sasa baba mwenye kitambi, alikuja na watu watatu na adabu zote, na Fundi mwenyewe ndiye aliyemweka kwenye mfuko, niliomshonea mimi. Mwezi uliofuata alihamia Lamadi kwa binti yake, nami sikumwona tena kwa misimu mitatu.

Nilimwona mwezi wa saba, uwanjani. Nilikuwa nimekwenda kuuza nguo. Ngoma za kwetu zilikuwa upande wa mashariki, na yeye nikamkuta magharibi, kwa wapinzani, mstari wa mbele, katika koti kubwa la mtumba lililokuwa la mtu mwingine mabegani. Alikuwa amewapa kisogo watu wake, anawapigia makofi wa Shishiyu, tena nje ya mdundo.

"Fundi," nikamwambia baada ya salamu ndefu, "umepotea? Wenzako wako kule."

"Najua waliko."

"Na Bosi anatolewa sasa hivi."

Nyuma yetu ngoma ya kwetu ikabadilika, ule mdundo wa kumtoa chatu. Mikono yake ikatoka kwenye koti, yote miwili, ikapanda mpaka usawa wa mabega, viganja juu. Akaitazama. Akairudisha mifukoni.

"Mayu, nikienda kule nitamchukua," akasema. "Wataona haya kuninyang'anya, na mimi siwezi kumbeba. Tutaanguka wote wawili mbele za watu." Akawatazama wa Shishiyu. "Ila nikikaa huku nimewaongezea hawa mtu mmoja. Nenda wewe kule, tuwe sawa. Kaa mbele. Halafu uje uniambie kama kainua kichwa."

Nikaenda. Nilipenya hadi mbele kabisa, mahali ambapo mavumbi yake yanakufikia miguuni, na nikasimama hapo hadi mwisho. Niliporudi alikuwa bado ametupa kisogo, lakini makofi ameacha.

"Kainua," nikamwambia.

"Mpaka wapi?"

Nikaweka mkono kifuani kwangu. Aliuangalia ule mkono, kisha akaushika kwa vidole vyake vyenye baridi, akausukuma juu taratibu hadi kidevuni.

"Hapa," akasema. "Si ndiyo, mayu? Hapa?"

Kilikuwa kifuani. Nikamwambia ndiyo, hapo hapo.